Abeer Abdelrahman: medali mbili zilizochelewa njiani

Wakubwa wetu wa mashirika ambao mnasomaga kurasa zetu kimyakimya bila kuacha hata neno, tunawaona! Wiki hii zamu ya historia imeniangukia mimi. Wengine walishaandika juu ya wafalme, vita na mipaka. Mimi naleta habari ya msichana wa Misri aliyenyanyua vyuma mbele ya dunia nzima, akarudi nyumbani mikono mitupu mara mbili, kisha miaka ikapita ndipo dunia ikamwambia: samahani, medali zilikuwa zako.

Anaitwa Abeer Abdelrahman. Alizaliwa mwaka 1992 katika mji wa Alexandria, mji mkubwa wa bandari kwenye bahari ya Mediterania.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe, maana wengi wetu tunaujua kwa kuwaona vijana wakinyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Mashindano rasmi yana mitindo miwili. Wa kwanza, unatoa chuma chini na kukipeleka juu ya kichwa kwa mara moja, bila kusimama njiani. Wa pili, unakileta kwanza mabegani, unasimama wima, unavuta pumzi, halafu unakisukuma juu. Kila mtindo una majaribio matatu. Wanachukua kilo zako bora za mtindo wa kwanza na za wa pili, wanajumlisha. Waamuzi ni watatu, na wanaangalia kama mikono imenyooka kabisa na kama umetulia. Ukitetemeka ukaangusha, jaribio limekufa. Na mnapangwa kwa uzito wa mwili, ili mwenye kilo 50 asishindane na mwenye kilo 90.

Misri si wageni katika mchezo huu. Mwaka 1928 kule Amsterdam, Sayed Nosseir alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa kunyanyua vyuma, na ndiyo dhahabu ya kwanza kabisa ya Misri. Mwaka 1936 kule Berlin, mbele ya serikali ya Hitler iliyokuwa ikihubiri kwamba kuna watu bora kuliko wengine, Khadr El Touni wa Misri aliwapita Wajerumani na kuchukua dhahabu. Hadi 1948 Wamisri walikuwa wanaogopwa. Lakini sikilizeni: hao wote ni wanaume. Wanawake walikuwa hata hawana mlango wa kuingilia. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yalifanyika 1987, na Olimpiki iliwafungulia wanawake mchezo huu mwaka 2000 kule Sydney. Yaani kutoka dhahabu ya Nosseir mpaka mwanamke kuruhusiwa kushika chuma kwenye Olimpiki, ilipita miaka 72.

Abeer alikuwa mtoto wa miaka minane mlango ulipofunguka. Na kwa bahati, mjini kwao alikuwepo mzee mmoja ambaye hakungoja ruhusa ya mtu.

Mzee huyo ni Ramadan Abdel Moaty. Watu walimwita Kapteni Ramadan. Alikuwa na kiwanja kitupu pembeni ya barabara, karibu na bandari ya Alexandria. Kiwanja cha vumbi, kimezungushiwa uzio, magari yanapita upande wa pili yakipiga honi. Hapo ndipo alipokuwa akifundisha wasichana wa mtaani kunyanyua vyuma, zaidi ya miaka ishirini. Hakuna ukumbi wala mashine za kisasa. Wapita njia walisimama na kushangaa: wasichana? vyuma? Yeye aliendelea kupiga kelele zake za kufundisha, akiimba, akicheza, akiwakaripia na kuwatia moyo.

Alianza na binti yake mwenyewe, Nahla Ramadan. Mwaka 2003, Nahla akiwa na miaka 18 tu, alikwenda Vancouver nchini Kanada na kuwa bingwa wa dunia katika uzito wa kilo 75. Mtoto wa kiwanja cha vumbi, bingwa wa dunia! Habari kama hiyo haikai mahali pamoja. Wasichana wengine wa Alexandria waliiona, na wazazi wao pia. Abeer naye alipita mikononi mwa Kapteni Ramadan.

Kama mnataka kukiona kiwanja hicho, kuna filamu ya kweli ya mwongozaji Mayye Zayed wa Misri, iliyotoka 2020, inayoitwa kwa Kiarabu Ash Ya Captain. Inamfuata msichana mmoja anayeitwa Zebiba kwa miaka minne akifundishwa na mzee huyo. Kapteni alifariki kabla filamu haijaisha. Iliposhinda tuzo kubwa kwenye tamasha la filamu la Leipzig nchini Ujerumani, yeye hakuwepo kuiona.

Sasa turudi kwa Abeer. Tarehe 13 Agosti 2008 alisimama mbele ya chuma kule Beijing, katika uzito wa kilo 69. Alikuwa na miaka 16. Fikirini hapo wenyewe, wengi wenu mko na miaka hiyo. Alimaliza wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa Liu Chunhong wa China, fedha kwa Oxana Slivenko wa Urusi, shaba kwa Nataliya Davydova wa Ukraine. Wa nne alikuwa Leydi Solís wa Kolombia. Wa tano kwa umri ule ni jambo kubwa, lakini kwenye Olimpiki wa tano hapandi jukwaani, na bendera yake haipandi.

Miaka minne baadaye, tarehe 3 Agosti 2012, alikuwa London. Sasa ana miaka 20, na amepanda hadi uzito wa kilo 75, ule ule uliompa Nahla ubingwa wa dunia. Alinyanyua jumla ya kilo 258. Juu yake walikuwepo wawili waliofungana kwa kilo 291, Svetlana Podobedova wa Kazakhstan na Natalya Zabolotnaya wa Urusi. Dhahabu ilimwendea Podobedova kwa sababu mwili wake ulikuwa mwepesi kidogo. Wa tatu alikuwa Iryna Kulesha wa Belarusi. Wa nne Lydia Valentín wa Hispania, kilo 265. Abeer, tena, wa tano.

Tazameni pengo hilo. Kati ya wa kwanza na Abeer kuna kilo 33. Kwa mchezaji ni kama kuambiwa: hata ukifanya mazoezi ya ziada usiku na mchana, hawa huwafikii. Unarudi nyumbani ukijiuliza labda mwili wangu hautoshi, labda mwalimu wangu hatoshi, labda kiwanja chetu cha vumbi ndicho tatizo.

Tatizo halikuwa kiwanja.

Kila Olimpiki, wachezaji hutoa mkojo wa kupimwa dawa zilizokatazwa. Sampuli hazitupwi. Zinahifadhiwa kwa miaka, kwa sababu sayansi inakua, na dawa iliyofichika leo inaweza kuonekana kesho kwa kipimo kipya. Kuelekea Olimpiki ya Rio, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliagiza sampuli za Beijing na London zifunguliwe na kupimwa upya. Yaliyotoka humo yalitikisa mchezo mzima.

Mwaka 2016 matokeo ya London yalianza kubomoka. Podobedova, wa kwanza: amefutwa. Zabolotnaya, wa pili: amefutwa. Kulesha, wa tatu: amefutwa. Jukwaa lote la uzito wa kilo 75 lilikuwa limejaa dawa, wote watatu! Wa nne akawa wa kwanza: Valentín, dhahabu. Wa tano akawa wa pili: Abeer, medali ya fedha. Na wa sita, Madias Nzesso wa Kameruni, akapata shaba. Kwa hiyo jukwaa la kweli la siku ile lilikuwa na mwanamke wa Hispania na wanawake wawili wa Afrika, ila siku yenyewe hakuna aliyewaona wakiwa hapo.

Halafu Beijing. Davydova wa Ukraine alifutwa, na Januari 2017 Liu Chunhong wa China akafutwa pia. Abeer kutoka wa tano akawa wa tatu. Medali ya shaba ya mwaka 2008.

Kwa hiyo ukifungua orodha za Olimpiki leo, utamkuta Abeer Abdelrahman na medali mbili. Na kwa kuwa ya kwanza ni ya Agosti 2008, yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiarabu mwenye medali ya Olimpiki katika kunyanyua vyuma, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Misri mwenye medali ya Olimpiki katika mchezo wowote. Alikuwa wa kwanza kwa miaka minane na zaidi, na wala hakujua. Hakuna aliyejua.

Na hapa historia inatuwekea swali gumu, maana kuna msichana mwingine.

Tarehe 10 Agosti 2016, kule Rio, Sara Samir Ahmed kutoka mkoa wa Ismailia, mwenye miaka 18, alinyanyua kilo 112 kwa mtindo wa kwanza na 143 kwa wa pili, jumla 255, katika uzito wa kilo 69. Kilo 143 ni zaidi ya bidoni saba za lita 20 zilizojaa maji (jerikeni, kama mnavyoziita huku Uganda), zote juu ya kichwa chako kwa mara moja. Alipata shaba. Alipanda jukwaani amejifunika kichwa, analia, Misri yote inashangilia. Ili afike Rio alikosa mtihani wake wa mwisho wa sekondari, ule unaoamua maisha ya kijana wa Misri. Vyombo vya habari viliandika: mwanamke wa kwanza wa Misri kupata medali ya Olimpiki. Siku ile ilikuwa kweli. Miezi michache baadaye, karatasi za London zilipobadilika, haikuwa kweli tena.

Nani basi wa kwanza? Abeer au Sara? Mimi nasema wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Sara ndiye wa kwanza kuonekana. Abeer ndiye wa kwanza kustahili. Na hakuna hata mmoja aliyemnyang'anya mwenzake. Aliyewanyang'anya ni yule aliyekunywa dawa.

Nataka tusimame kidogo hapo, kwa sababu watu husema: si hatimaye alipata medali? Haki imetendeka, basi. Mimi sikubali haraka hivyo. Medali ni kipande cha chuma. Kinachokuja pamoja na medali siku ileile ndicho kinachobadilisha maisha: jukwaa, bendera, simu za viongozi, zawadi, wafadhili, watoto wa mtaani wanaokukimbilia kesho yake wakitaka kufundishwa. Laiti Abeer angeonekana na medali mwaka 2008, wasichana wangapi wa Misri wangeanza mwaka ule ule? Kiwanja cha Kapteni Ramadan kingejengewa ukuta? Hatuwezi kujua. Hizo ndizo zilizoibwa, na hizo hakuna kamati inayoweza kuzirudisha kwa posta.

Sisi watu wa kambini tunajua kungoja. Tunajua karatasi inayotoka baada ya miaka, yenye jina lako sahihi, wakati nafasi uliyokuwa ukiihitaji imeshapita. Karatasi bado ni muhimu, usiitupe! Lakini mtu asituambie kwamba kuchelewa hakuna gharama.

Sasa, msikimbilie kusema kwamba Ulaya ni wezi na Afrika ni malaika. Historia ya kweli haitupendelei. Mwaka 2016 vijana kadhaa wa Misri nao walikutwa na dawa zilizokatazwa, na mwaka 2019 shirikisho la Misri la kunyanyua vyuma lilifungiwa miaka miwili. Matokeo yake, Misri haikupeleka mnyanyuaji hata mmoja kwenye Olimpiki ya Tokyo. Sara, ambaye hakuwa na kosa, alikaa nyumbani akiwa katika nguvu zake zote. Adhabu ya wengine ilimwangukia yeye. Alivumilia. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia kule Bogotá nchini Kolombia, na mwaka 2024 kule Paris akanyanyua jumla ya kilo 268 katika uzito wa kilo 81, akapata fedha nyuma ya Solfrid Koanda wa Norwei aliyekuwa na 275. Wa tatu, Neisi Dájomes wa Ekwado, alikuwa na 267. Kilo moja tu iliwatenganisha.

Kuna mlango mwingine niutaje, wa mavazi. Zamani sheria ilitaka magoti na viwiko vionekane, ili waamuzi wahakikishe mikono imenyooka. Kwa mwanamke anayetaka kujifunika, hiyo ilikuwa kama kuambiwa kaa nje. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja mwenye asili ya Pakistan, Kulsoom Abdullah, aliomba sheria iangaliwe upya, akaeleza kwamba nguo ya kubana mwili inafunika ngozi lakini kiwiko bado kinaonekana umbo lake. Shirikisho la dunia likakubali mwaka huohuo. Mwaka uliofuata kule London, Khadija Mohammed wa Falme za Kiarabu, msichana wa miaka 17, akawa mnyanyuaji wa kwanza wa kike wa nchi yake kwenye Olimpiki, katika uzito uleule wa kilo 75 aliokuwa nao Abeer. Mtu mmoja aliandika ombi zuri lenye sababu, na wengi wakapita. Hiyo muiweke kichwani, nyie mnaosemaga barua hazisaidii.

Na sisi wakimbizi tuko wapi katika habari hii? Tupo, tena tarehe ileile. Siku hiyo ya 10 Agosti 2016 Sara alipochukua shaba, katika mji uleule wa Rio, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wa Bukavu, waliingia kwenye judo wakiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye historia ya Olimpiki. Popole alishinda pambano lake la kwanza. Katika timu hiyo walikuwepo pia wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Baadaye, kule Tokyo, timu ya wakimbizi ilikuwa na mnyanyuaji vyuma: Cyrille Tchatchet, mzaliwa wa Kameruni. Alikwenda Scotland na timu ya nchi yake mwaka 2014, akaogopa kurudi, akalala chini ya daraja katika mji wa Brighton, akaomba hifadhi, akasomea uuguzi wa afya ya akili, na bado akarudi kwenye chuma. Alimaliza wa kumi kwa uzito wa kilo 96.

Wa kumi. Sasa mnajua kwamba nafasi ya mtu kwenye orodha si neno la mwisho.

Nimalizie kwa mambo mawili ya kufanya.

La kwanza ni kwa wakubwa wetu wa mashirika. Kila mradi wa wasichana unapokuja kambini, unakuja na cherehani, na kama kuna michezo, ni mpira wa pete. Hatukatai, cherehani inalisha watu. Lakini waulizeni wasichana kwanza. Kapteni Ramadan hakuwa na bajeti. Alikuwa na kiwanja, vyuma na imani kwamba msichana anaweza, na akatoa bingwa wa dunia na mwenye medali mbili za Olimpiki. Kiwanja tunacho. Mwalimu mmoja anayejua kumwonyesha mtoto jinsi ya kulinda mgongo wake ni bora kuliko mabango kumi.

La pili ni letu sisi vijana. Abeer alipata medali zake kwa sababu kulikuwa na karatasi. Mtu aliandika kilo 258, akaandika wa tano, akaweka sampuli kwenye baridi na kubandika namba. Bila maandishi hayo, ukweli ulipojitokeza usingekuwa na mahali pa kukaa. Sisi tunacheza mashindano kila mwaka, wasichana wanakimbia, wanashinda, na mwezi unaofuata hakuna anayekumbuka nani alikuwa wa pili. Basi kuanzia msimu huu, kila timu iwe na daftari. Jina, tarehe, matokeo, na si ya washindi tu. Andikeni mpaka wa tano.